Saa Tatu ya Lukasi

Kwa miaka ishirini na miwili Lukasi Mloka alishuka mtoni mara mbili kwa siku, saa tatu asubuhi na saa kumi na moja jioni, kusoma geji ya Mto Nyalumbe. Geji hiyo ni bamba la chuma jeupe lenye mistari myeusi ya sentimita. Limesimikwa kwenye zege kando ya daraja la miti, chini ya kijiji cha Mahulu, kwenye milima iliyo juu ya Matombo. Kazi yenyewe haikuwa na mambo mengi. Alichuchumaa juu ya jiwe, akasubiri maji yatulie, akasoma mstari unaoguswa na maji, akaandika kwenye daftari. Kisha alipanda tena nyumbani kwa mkewe Yuliana, kwenye migomba yake na mikarafuu michache.

Kazi aliipata kwa sababu ya mwandiko. Mwaka 2002 mafundi waliosimika geji waliuliza pale kijijini ni nani aliyesoma sekondari na anaandika kwa kusomeka. Wakaoneshwa Lukasi, aliyekuwa amemaliza kidato cha nne na kurudi kulima. Walimpa daftari, kalamu mbili na maelekezo ya dakika kumi. Tangu hapo kila mwisho wa mwezi alinakili karatasi moja na kuituma mjini. Daftari lenyewe lilibaki kwake, ndani ya debe la bati lenye kifuniko, panya wasilifikie. Kufikia mwisho wa mwaka 2023 ndani ya debe mlikuwa na madaftari arobaini na manne.

Katikati ya mwaka huo walikuja mafundi wengine, vijana, wakafunga chini ya daraja kisanduku cha kijivu chenye sola ndogo juu yake na laini ya simu ndani. Kila robo saa kisanduku kilipima kina cha maji na kutuma jibu mjini chenyewe. Walimwomba Lukasi aendelee kusoma geji kama kawaida kwa miezi sita, kuanzia mwezi wa saba hadi wa kumi na mbili, ili namba zake zilinganishwe na za kifaa. Hakuona ubaya. Alishuka mtoni kwa saa zilezile, akaandika, akapanda.

Mwezi wa kwanza wa mwaka uliofuata ujumbe wa ofisi ya vipimo vya mito ulifika kwa Felista, mtendaji wa kijiji. Ulisema kuna tofauti kubwa kati ya kifaa na daftari, na kwamba usahihi wa madaftari yote ya Mahulu tangu mwaka 2002 unatiliwa shaka. Huenda yakaondolewa katika kumbukumbu za ofisi. Lukasi alimwomba Felista apige simu aulize tofauti hizo ni zipi. Felista akapiga mara tatu. Aliambiwa suala linashughulikiwa.

Yuliana alimwuliza mumewe kama kweli kuna siku alikuwa anasoma vibaya. Alijibu kwamba macho yake yanaona vizuri mbali na karibu, na kwamba sentimita ni sentimita. Baada ya hapo Yuliana aliona kwamba jioni mumewe ameanza kukaa zaidi kule mtoni, anasoma, anaondoka hatua kumi, anarudi kusoma tena.

Wiki mbili baadaye ulikuja mwaliko ambao mwanzoni haukuonekana kumhusu. Wizara ilikuwa inakusanya maoni ya wananchi kuhusu rasimu ya sera ya taifa ya vifaa vinavyounganishwa na intaneti. Kikao cha Morogoro kingefanyika mjini, katika ukumbi wa chuo kimoja, na kila kata ya mlimani ilitakiwa kutoa mdau mmoja. Felista alisema katika kata yao kifaa cha namna hiyo kinachojulikana ni kimoja tu, kile cha darajani, na mtu anayekijua ni mmoja. Akamchapishia rasimu nzima, kurasa arobaini na nane, akamkabidhi.

Lukasi aliisoma kwa siku tisa. Ilieleza ni nani atakayesajili vifaa, ni nani atakayetunza takwimu zinazokusanywa navyo na kwa miaka mingapi, betri zilizokufa zitupwe wapi, na kama mtu anaweza kukataa kupimwa. Mengi aliyaona ya maana. Pale asipoelewa aliweka nukta ya penseli pembeni. Alipofika kifungu cha saba, kipengele cha nne, aliweka penseli chini. Kipengele kilisema: "Pale ambapo takwimu za kifaa zitatofautiana na kumbukumbu za mkono, takwimu za kifaa ndizo zitakazotumika."

Alikisoma mara ya pili kwa sauti, Yuliana asikie.

"Sasa hapo ndipo wewe unatolewa," Yuliana alisema.

"Siyo mimi. Madaftari."

"Haya, madaftari. Nani aliyeyaandika?"

Siku ya kikao Lukasi aliwahi mjini. Alivaa shati la kanisani, na katika mfuko wa nailoni alibeba rasimu pamoja na daftari la miezi ile sita. Ukumbini kulikuwa na watu kama themanini: wahadhiri, wauza simu, maofisa, watu wa vyama vya ushirika, wanafunzi wa chuo waliojaza viti vya nyuma. Mwenyekiti alikuwa ofisa wa wizara aitwaye Richard, mtu wa sauti ya chini, ambaye alisoma masharti mwanzoni kabisa. Kila mchangiaji apewe dakika mbili, ataje kifungu, asitoe hotuba.

Watu walijitahidi. Mwalimu mmoja wa Kilakala aliuliza picha za kamera zinazofungwa mashuleni zinaangaliwa na nani, na huyo nani anaangaliwa na nani. Mhadhiri mmoja alitumia dakika zake zote mbili kwenye neno moja la ukurasa wa tatu. Kisha akasimama mtu mnene mwenye kofia ya kiua, aliyekaa kiti kilichopakana na cha Lukasi. Alijitambulisha kuwa Luqmani, mfanyabiashara wa mazao wa Dumila, mwenye malori mawili.

"Mheshimiwa mwenyekiti, mimi vifaa hivi ninavyo na ninalala navyo," alisema. "Kwenye lori kuna kidude, kwenye simu yangu kuna ramani. Juzi ramani ikaniambia lori langu limeingia katikati ya bwawa la Mindu, na limesimama. Nikampigia dereva nikamwuliza, je, unavua kambale au perege? Akaniambia, bosi, niko Msamvu nazibiwa pancha. Sasa naomba sera iseme: kidude kikisema uongo, nani anaulizwa?"

Ukumbi ulicheka. Richard pia alitabasamu, akaandika.

Baada ya hapo akaitwa msichana wa ofisi inayosimamia vipimo vya mito, Brenda, atoe mfano wa hapa hapa Morogoro. Alionekana hajafika miaka thelathini, na aliongea akiwa ameshika karatasi ambayo hakuitazama. Ukutani alionesha mchoro. Mstari wa bluu ulikuwa wa kifaa, unapanda na kushuka kama mgongo wa mlima. Nukta nyekundu zilikuwa za msomaji wa kijijini, mbili kwa kila siku. Hakuna nukta hata moja iliyogusa mstari. Za mwanzo wa siku zilikuwa chini yake, zilizofuata zilikuwa juu yake.

Brenda alieleza kwamba hicho ni kituo namba saba, na kwamba msomaji hakosei kwa bahati mbaya siku moja moja. Anakosea kila siku, kwa sentimita tano au sita, mara akipunguza mara akizidisha, jambo ambalo kwa kawaida huonesha kwamba namba zimekadiriwa bila mtu kufika mtoni. Hakutaja jina la mtu wala la kijiji. Pendekezo la ofisi yake lilikuwa mstari mmoja chini ya mchoro: kumbukumbu za mkono za kituo hiki, 2002 hadi 2023, ziondolewe.

Luqmani alimwinamia jirani yake. "Huyo bwana alikuwa anasomea kitandani," alimnong'oneza. "Anamwuliza mkewe, mama nanihii, leo tuweke ngapi?"

Macho ya Lukasi yalikuwa ukutani. Chini ya mchoro kulikuwa na jedwali la vipimo vya kwanza vya siku tano za mwezi wa nane, na namba za safu nyekundu zilikuwa arobaini na moja, arobaini na nne, arobaini, arobaini na nne, arobaini na moja. Alizijua kabla hajafungua daftari. Hata hivyo alilifungua, akazikuta kama alivyoziacha.

Luqmani aliangalia daftari, akaangalia ukuta, akaangalia tena daftari. Alivua kofia yake.

"Mzee wangu, mimi mdomo wangu huu," alisema polepole, "mke wangu anaulalamikia mwaka wa ishirini huu."

"Usijali," Lukasi alisema. "Nakili zile za bluu, mimi nitazitamka. Wataondoa picha sasa hivi."

Luqmani akatoa kalamu. Walinakili wote wawili, mmoja akitamka na mwingine akiandika, kama watu wanaopakia magunia. Walipomaliza ikatangazwa chai, lakini mchoro ulibaki ukutani. Lukasi aliacha watu waelekee kwenye birika na maandazi. Akaenda mbele, akasimama karibu kabisa na ukuta, akautazama ule mstari wa bluu kwa mara ya kwanza bila kutazama nukta zake.

Alichokiona hakikuwa kigeni. Maji ya Nyalumbe wakati wa kiangazi hushuka asubuhi, wakulima wa mboga wa juu wanapofungua mifereji, na huanza kupanda tena mchana wakishaifunga. Usiku kucha hujaa. Kila mtu wa Mahulu anajua, kwa kuwa asubuhi na mapema ndipo akina mama huteka maji bila kuinamisha ndoo. Mstari wa bluu ulisema hivyohivyo. Ulikuwa juu, kisha ukaporomoka penye namba sita, ukafika chini kabisa karibu na kumi na moja, kisha ukaanza kupanda. Wakulima wa juu hufungua mifereji saa kumi na mbili. Basi sita hiyo ilikuwa ya saa za kwenye simu, siyo ya saa za watu. Na nukta yake ya kwanza ilikuwa imewekwa penye tatu.

Brenda alikuwa anakunja waya. Alipomwona mtu mzima amesimama karibu na mchoro wake alimwamkia, shikamoo, naye akaitikia marahaba.

"Hizi nyekundu ni zangu," Lukasi alisema.

Brenda aliacha waya. "Wewe ndiye Lukasi Mloka? Mwandiko wako naujua, baba."

"Hapa chini pameandikwa sifuri tatu. Hiyo ni tatu ya saa ngapi?"

"Ya saa tisa usiku."

"Saa tisa usiku mimi nimelala."

Alimpa daftari lililo wazi. Juu ya safu ya kwanza kulikuwa kumeandikwa *Saa 3*, na juu ya safu ya pili *Saa 11*, kama ilivyoandikwa katika madaftari yote arobaini na manne, kwa sababu hakuna mtu wa Mahulu ambaye angeandika saa tisa akimaanisha saa tatu. Brenda alitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika kusoma maneno mawili.

"Nimeyaingiza mimi mwenyewe," alisema. "Siku mia moja themanini na nne. Programu inadai tarakimu mbili, nikaiwekea sifuri mbele tatu yako. Na kumi na moja ilikuwa tayari na tarakimu mbili, nikaiacha."

"Kwa hiyo jioni yangu umeiweka saa tano asubuhi."

"Ndiyo, baba."

"Mifereji yote ikiwa wazi."

Brenda aliitikia kwa kichwa. "Hata mimi nyumbani kwetu tunasema saa tatu," alisema baadaye kidogo, kama anayejisemea. "Mama yangu akinipigia nikasema nitafika saa tisa hatanipikia mpaka alasiri." Lukasi alisema inawezekana, mtu akiwa ofisini anavaa saa ya ofisini. Alichukua daftari lake, akaenda kunywa chai, na Luqmani alikuwa amemwekea maandazi mawili kwenye kisahani na kuyafunika kwa rasimu ya sera.

Kikao kiliporudi Brenda aliomba nafasi kabla ya wengine. Alisema mbele ya watu wote themanini kwamba mchoro aliouonesha una kosa, kwamba kosa ni lake na siyo la msomaji, na akaeleza ni kosa gani. Vijana wa nyuma waliguna, halafu wakacheka, halafu wakanyamaza, pengine kwa sababu kila mmoja wao alikumbuka basi alilowahi kulikosa kwa namna hiyohiyo. Pendekezo la kuondoa kumbukumbu za kituo namba saba, alisema, analiondoa kwa leo. Atazipanga upya namba zote na kutoa majibu kwa maandishi.

Ndipo Lukasi akanyoosha mkono. Alitaja kifungu, kipengele na ukurasa, akasoma sentensi nzima kama ilivyo. Akasema kwamba kwa sentensi hiyo, leo madaftari yangekuwa yameshatupwa kisheria, ingawa kifaa na daftari vilikuwa vinasema jambo moja. Aliomba iandikwe upya.

"Unapendekeza isemeje?" Richard aliuliza.

"Pale zitakapotofautiana, iulizwe kwanza kwa nini."

"Aulizwe nani, mzee?"

"Aliyesoma aulizwe, na kifaa kikaguliwe. Vyote viwili. Halafu ndiyo waamue."

Richard aliandika, akamsomea alichoandika, akamwuliza kama ndivyo. Lukasi alisema ndivyo, akaketi. Alikuwa ametumia dakika moja na nusu.

Majibu ya maandishi yalifika wiki tatu baadaye. Felista aliyapokea kwenye simu, akayachapisha kule Matombo, na kwa kuwa alikuwa ameyasoma njiani alifika kwa Lukasi akiwa na uso wa sherehe. Barua ilikuwa ya Brenda. Ilisema namba zimepangwa upya kwa saa zake za kweli. Kati ya siku mia moja themanini na nne, siku mia moja sabini na sita daftari na kifaa vimelingana kwa sentimita moja au chini ya hapo, kiwango ambacho ofisi ilikiita cha kuridhisha sana. Siku tano majani yalikwama kwenye kifaa, na hilo lilithibitishwa na fundi. Zilibaki siku tatu, tarehe kumi na nne, kumi na tano na kumi na sita mwezi wa tisa. Kifaa kilionesha maji yamepanda ghafla hadi sentimita sitini na moja. Daftari linaonesha arobaini siku zote tatu, bila badiliko. Kwa kuwa msomaji amethibitika kuwa mwangalifu, barua iliendelea, huenda kifaa kilikuwa na hitilafu siku hizo, na ofisi inapendekeza namba za daftari zichukue nafasi ya namba za kifaa. Baada ya hapo kumbukumbu zote za Mahulu zitabaki mahali pake.

"Umeishinda mashine, mzee," Felista alisema.

Lukasi alisoma zile tarehe tatu tena. Hakuhitaji daftari. Tarehe kumi na tatu ya mwezi wa tisa alifariki mjomba wake, Fransisko, upande wa pili wa mlima, mwendo wa nusu siku kwa miguu. Kwa Waluguru mtu ni wa ukoo wa mama yake, na Lukasi ndiye mpwa aliyepaswa kurithi jina la marehemu. Mrithi haondoki uani mpaka matanga yaanuliwe. Alikaa pale siku tatu amefunikwa shuka, na Yuliana alikuwa jikoni pamoja na wanawake wengine, kwa hiyo nyumbani hapakuwa na wa kutumwa mtoni. Aliporudi geji ilisema arobaini. Siku aliyoondoka pia ilikuwa arobaini. Akazijaza zile siku tatu katikati, arobaini, arobaini, arobaini, asubuhi na jioni, akiamini kwamba mto haukuwa na sababu ya kufanya jambo jingine. Kumbe huku nyuma mvua ilinyesha juu, maji yakaja, yakapita.

"Siku tatu hizi kifaa ndicho kiko sahihi," alimwambia Felista.

"Umejuaje?"

"Mimi sikwenda."

Felista alitazama nje, kama kuna mtu aliyewasikia. "Mzee, barua imeshasema. Nani amekuuliza?"

"Mimi mwenyewe nilisema iulizwe."

Felista alijaribu njia nyingine. Alimkumbusha kwamba ofisi inayasamehe madaftari yote kwa sababu ya kumwamini yeye, na kwamba mtu akikiri tatu, watauliza na ngapi nyingine. Alisema hayo kwa upole, kama mtu anayemshauri baba yake. Lukasi alikubali kwamba ndivyo watakavyofanya. Kisha aliomba karatasi, akaandika barua ya mistari saba, akaitia sahihi. Ilisema tarehe tatu zilizotajwa hakufika mtoni kwa sababu ya msiba, kwamba namba zilizoandikwa ni za kukadiria, na kwamba zisitumike badala ya namba za kifaa. Felista aliipiga picha akaituma kwa Brenda, huku akisema yeye ni mtumaji tu.

Ofisini walifanya kama alivyosema. Brenda alijibu baada ya siku nne, kwa ufupi, kwamba ofisi inashukuru. Maoni ya Lukasi juu ya kipengele cha nne yameingizwa katika taarifa ya wizara kama yalivyo. Kuhusu madaftari, msimamo sasa ulikuwa huu: kama zipo siku nyingine za namna hiyo, azitaje zote kwa tarehe, ziachwe wazi, na zitakazobaki zitakubaliwa. Asipoweza kuzitaja, ofisi haitakuwa na namna ya kutofautisha siku na siku, na itabidi iyaondoe madaftari yote.

Masika ilikuwa imeanza, shambani hakuendeki. Lukasi alilitoa debe, akapanga madaftari arobaini na manne mezani kwa mwaka, akaanza na la kwanza.

Aligundua mapema kwamba hahitaji kukumbuka kila kitu. Namba alizoandika mtoni alikuwa ameziandika goti likiwa meza, mkono ukiwa na maji. Wino umesambaa, tarakimu zimelala upande. Namba za mezani zilikuwa safi, zimesimama wima, zinafanana. Kila alipokuta mstari msafi alisimama na kujiuliza siku hiyo alikuwa wapi. Mara nyingi alijua papo hapo.

Mwezi wa pili 2004, siku mbili: binti yao Neema alizaliwa, na walimshusha Yuliana kwa machela hadi zahanati ya misheni. Mwaka 2007, siku nne, zote zikiwa na hamsini na mbili: malaria, na hata hiyo kalamu hakumbuki ni nani aliyempa. Mwaka 2011, siku moja, alimpeleka mwanawe Innocent shule ya bweni, na basi la kurudi likakwama matopeni. Mwaka 2012, siku mbili, mazishi ya mama yake. Siku moja ya mwaka 2015 haikuwa na sababu. Hakuumwa, hapakuwa na msiba, mvua haikunyesha. Hakwenda tu. Aliiandika kwenye orodha kama nyingine, na pale kwenye nafasi ya sababu aliandika: hakuna.

Kazi ilichukua siku kumi na moja. Yuliana alipita mara kwa mara na kuuliza amefika mwaka gani. Akiambiwa mwaka alisema jambo moja la mwaka huo, nani alioa, nani alijenga, kisha akaenda kwenye shughuli zake. Mwishoni orodha ilikuwa na siku kumi na tisa, ukiacha zile tatu za matanga. Lukasi alimsomea zote kabla ya kuipeleka kwa Felista. Alisoma bila kupandisha sauti, tarehe na sababu, tarehe na sababu, na Yuliana alikuwa anachambua mchele kwenye ungo bila kuinua kichwa.

Alipofika tarehe tisa mwezi wa tano 2018, jioni, mita moja na sentimita kumi na mbili, sababu mvua kubwa, Yuliana alisimamisha mkono.

"Hiyo ulikwenda."

"Mwandiko ni wa mezani. Tazama."

"Mwandiko ni wa mezani kwa sababu daftari uliliacha ndani lisilowe. Ulirudi umelowa mpaka chupi. Nikakuuliza daraja lipo, hukunijibu. Nikadhani umeona maiti. Kumbe umeishika namba mdomoni, hutaki kusemeshwa isije ikakutoka. Moja kumi na mbili, moja kumi na mbili, mpaka ukaipata kalamu."

Lukasi alilivuta daftari la mwaka huo karibu. Daraja alilikumbuka sasa, maji yakipita juu ya magogo yake.

"Una hakika ni siku hiyo?"

"Neema alikuwa amekuja likizo. Alikucheka."

Alichukua rula, akaikata tarehe hiyo kwa mstari mmoja, akaandika pembeni *alifika, shahidi Yuliana*, na kule chini akarekebisha jumla iwe kumi na nane. Kisha akaendelea kumsomea iliyofuata.